Tabasamu la Larry Sanders

Mara ya kwanza kuangalia The Larry Sanders Show, kichekesho cha Marekani kuhusu mtangazaji wa kubuni wa kipindi cha usiku, nilidhani simu yangu imeharibika. Larry yuko mezani kwake anamchekesha mgeni, picha inang'aa kama kipindi chochote cha mahojiano cha usiku. Wanapokwenda kwenye matangazo, ghafla rangi zinapoa, makelele ya watazamaji yanafifia, na lile tabasamu linazimika kama umeme wa mgao. Larry na mgeni wake hawana la kuambiana. Anakuja mtu na poda, anampaka, anaondoka. Muziki unapigwa, meno yanarudi nje.

Kumbe simu ilikuwa nzima. Garry Shandling, aliyebuni kichekesho hiki pamoja na Dennis Klein kwa ajili ya kituo cha televisheni cha HBO mwaka 1992, na ndiye aliyeigiza Larry, alitaka ya jukwaani yarekodiwe kwa mkanda wa video mbele ya watazamaji, na ya nyuma ya pazia yapigwe kwa filamu. Tena huko nyuma hakuna vicheko vya kupachika. Vichekesho vingi vya Marekani vya enzi hizo vilikuwa vinakukumbusha kila dakika pa kucheka. Hapa unaachwa na aibu ya watu, utajijua mwenyewe.

Mimi nasema uamuzi huo ndio uliokibeba kipindi. Sisemi waigizaji hawana lao. Rip Torn ni Artie, mtayarishaji anayedanganya kwa upole mpaka unatamani akudanganye na wewe. Jeffrey Tambor ni Hank, mtangazaji msaidizi wa Larry, na ile "Hey now!" yake, huyo akipata tangazo la kulipwa hana haya hata kidogo. Lakini wapige picha ya aina moja mwanzo mwisho, wanabaki wachekeshaji wazuri tu.

HBO ni chaneli ya kulipia, haina matangazo. Kwa hiyo matangazo ya Larry ni ya kuigiza, na kamera inaweza kubaki pale pale kwenye dakika ambazo kituo cha kawaida kingekuwa kinauza magari.

Shandling alikijua kiti hicho cha mtangazaji wa usiku. Miaka ya 1980 alikuwa akimshikia nafasi Johnny Carson, mtangazaji wa The Tonight Show. Mwaka 1993, David Letterman, mtangazaji mwingine wa usiku, alipoondoka kituo cha NBC, kituo hicho kilimtaka Shandling achukue nafasi yake, akakataa. Wanaomsifu kwa ujasiri waendelee. Mimi naona alipiga hesabu. Ukishakikalia kweli, utaonyeshaje kinavyomtafuna mtu?

Kina kasoro. Utani mwingine unahitaji uwajue mastaa wa Marekani wa miaka ya 1990, na mimi husimamisha video katikati nikatafute fulani ni nani. Mwigizaji David Duchovny simtafuti: anajiigiza mwenyewe, anaonekana kumtamani Larry, na Larry hajui aweke wapi macho yake.

Kipindi kilimalizika 1998. Mimi kimeniachia ugonjwa. Siku hizi mtangazaji wa asubuhi akisema "usiende mbali, tunarudi punde", namkodolea macho mdomoni. Hawanipi nafasi. Tangazo la sabuni linaingia meno yakiwa bado nje.