Mjadala wa Dona na Sembe Umeisahau Mboga

Katika vibanda vya mama lishe vilivyo jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, mteja anayeagiza ugali huulizwa kwanza: dona au sembe? Nilikaa benchi moja na mzee mwenye kisukari ambaye hakusubiri hata kuulizwa. "Mama, dona lipo?" "Lipo, baba." Akaletewa bonge lililojaa sahani hadi ukingoni, na pembeni yake vijiko viwili vya dagaa na matembele yasiyojaza kiganja. Akanawa, akamega, akaniambia kwa kuridhika kwamba daktari alimkataza sembe na kwamba hiki anachokula ni dawa.

Imani ya mzee huyo ni ya watu wengi Mwanza, na haikutoka hewani. Dona husagwa bila kukobolewa. Mashine inapokoboa mahindi ili kupata sembe huondoa ganda na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi nyingi, mafuta, na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B pamoja na madini ya chuma na zinki. Kinachobaki na kusagwa kuwa sembe ni wanga zaidi kuliko kitu kingine. Pumba huuzwa kwa wafugaji, na ndiyo maana watu hutania kwamba kuku wetu wanakula vizuri kuliko sisi, utani ambao kwa upande wa lishe ni vigumu kuubishia. Kama mambo mengine yote yangekuwa sawa, dona lingeshinda bila mjadala.

Mambo mengine, hata hivyo, hayako sawa. La kwanza ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na kuipika hakuiondoi. Sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza, ilhali dona humpelekea mlaji kila kilichokuwamo kwenye punje, kizuri na kibaya. Anayesaga dona kwa mahindi yaliyolala sakafuni msimu mzima wa mvua hana haki ya kumcheka jirani yake anayekula sembe.

La pili halisemwi sana. Pumba ina kemikali iitwayo fitati, ambayo huyashika madini ya chuma na zinki tumboni na kuyazuia yasifyonzwe, hivyo madini yaliyomo kwenye dona si yote yanayoufikia mwili. La tatu ni kwamba kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Pakiti ya sembe iliyoongezwa virutubishi inaweza kumpa mwanamke anayetarajia kushika mimba asidi ya foliki nyingi kuliko dona la mashine ya mtaani, na asidi hiyo ndiyo hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kuuita unga huo makapi ni kosa.

Kuhusu kisukari cha yule mzee, tofauti ipo lakini ni ndogo kuliko anavyodhani. Dona lililosagwa laini bado ni wanga, na nyuzinyuzi zake hazifuti athari ya wingi. Nusu kilo ya unga ikisongewa watu wawili, kila mmoja anakula gramu 250, ambazo ni takribani kilokalori 900 kabla hajagusa mboga, uwe umekobolewa au haukukobolewa. Aliyebadilisha rangi ya ugali na kuacha ukubwa wa bonge vilevile, tena pengine akaliongeza kwa kuwa sasa ni "dawa", hajamtii daktari wake.

Ninapofika hapa huona kwamba tumekuwa tukibishana juu ya upande usio wenyewe wa sahani. Ubora wa mlo wa kawaida wa kanda hii huamuliwa zaidi na mboga kuliko na unga. Hata ile sifa ya dona kuwa na chuma huitegemea mboga: samaki au nyama kwenye mlo huusaidia mwili kuifyonza chuma ya nafaka, na vitamini C ya limao au nyanya mbichi hufanya vivyo hivyo, wakati chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huizuia.

Msaada huo tunao mlangoni, nao ndio tunaoudharau. Dagaa wa Ziwa Victoria amebeba jina la mboga ya maskini kiasi kwamba mgeni akifika nyumbani, mtoto hutumwa kutafuta sato, na dagaa hurudishwa kabatini kama aibu ya familia. Sato ni samaki mzuri, sina ugomvi naye, lakini tunakula mnofu wake na kuacha mifupa. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake ndiyo inayompa mlaji madini ya kalisi (kalsiamu), kitu adimu kwa nyumba isiyo na maziwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini. Wanaomkwepa kwa sababu ya mchanga wana hoja, ila mchanga hutokana na mahali alipoanikwa: anayeanikwa kwenye chanja huwa safi, na mnunuzi anayepitisha vidole kwenye fungu kabla ya kulipa hulijua hilo mara moja.

Kwa walaji wa udaga, yaani ugali wa muhogo, kama ndugu zetu wa Ukerewe, suala hili ni zito zaidi, kwa sababu muhogo una protini kidogo mno kuliko mahindi. Wilayani Tarime, mwaka 1985, ulizuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Chanzo kilikuwa muhogo mchungu ulioandaliwa kwa njia ya mkato, ukabaki na sumu ya sayanidi, ukaliwa na watu wasio na chakula kingine cha maana. Mwili huidhoofisha sumu hiyo kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini, kwa hiyo palipokosekana mboga ya maana, kinga nayo ilipungua.

Wengine wanaijali mboga lakini wanaipika vibaya kwa nia njema, wakiamini kwamba chukuchuku ndicho chakula cha afya. Kwa aliyezoea kukaanga kila kitu, kupunguza mafuta ni jambo jema. Lakini ile rangi ya chungwa iliyofichwa ndani ya kijani cha mchicha, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri pale tu panapokuwa na mafuta kidogo, na kijiko kimoja au karanga za kusaga zinatosha. (Maneno "hayana kolesteroli" kwenye dumu la mafuta ya mimea yasimbabaishe mtu, mimea haina kolesteroli ya kuhesabika, hata isipoandikwa.) Magadi ya kulainishia mlenda, kwa upande wake, huharibu vitamini C na B1.

Hoja iliyo ngumu kuijibu ni ya pesa. Mtetezi wa dona anaweza kusema, na kwa haki, kwamba kubadilisha unga ni jambo ambalo familia inaliweza leo hii bila kuongeza matumizi, ilhali kuongeza mboga kunataka fedha. Dagaa mwenyewe huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika, na bei hupanda hata hapa hapa ufukweni. Ushauri wa lishe usiohesabu siku hizo za mwezi unamhusu mtu mwenye jokofu na mshahara.

Yule mzee, alipomaliza, aliinua sahani na kuomba nyongeza. Mama akampa kipande kingine cha dona, kinene, bila kumdai chochote. Kijana aliyekaa mwisho wa benchi akaomba aongezewe dagaa. Akatajiwa bei, akatikisa kichwa, akaomba mchuzi.