Ruzuku ya mtungi inaishia siku ya kwanza

Shangazi yangu wa Kisarawe ana mtungi wa gesi wa kilo 6 alioupata kwa nusu bei, kwenye ile ruzuku ya asilimia 50 ya serikali. Nilipokwenda kumsalimia niliukuta juu ya kabati, umefunikwa kitambaa cha kudarizi. Uani maharage yalikuwa yanatokota kwenye jiko la mkaa.

"Gesi iliisha, mwanangu. Kujaza ni zaidi ya elfu ishirini, na wanaitaka yote kwa mkupuo. Mkaa nanunua kopo kwa kopo."

Wapo wanaosema nchi maskini haiwezi kubeba ruzuku za nishati safi. Siafikiani nao, maana tayari tunazibeba. Ugomvi wangu ni pale tunapoziweka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa shangazi umeshahesabiwa kwenye mitungi iliyogawiwa, na mkaa bado anaununua.

India walishayapitia haya. Mwaka 2016, kupitia mpango wa Ujjwala, walianza kuwaunganishia gesi akina mama wa kaya maskini. Mamilioni wakaunganishwa, lakini wengi walijaza mara chache tu kwa mwaka na kuni zikaendelea kuwaka. Mei 2022 serikali ikaweka ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, na Oktoba 2023 ikaipandisha hadi rupia 300. Pesa ikawa inamfuata mama anaporudi dukani.

Kwetu, kinachoniuma zaidi ni umeme. Bwawa la Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115 kwa nguvu ya maji. Mtumiaji mdogo hulipa Sh 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizoea kuzidi, anahamishiwa tarifa ya Sh 292. Sasa mchukue mama mwenye taa, tivi na friji ndogo, anayetumia uniti 60. Akinunua jiko la presha la umeme, chungu cha maharage hakimalizi hata uniti moja, ila akilipikia kila siku anaweza kuvuka 75. Akizoea kuvuka, hata uniti za taa zinapanda karibu mara tatu. Tumemhimiza aache mkaa, na alipouacha tukamnyang'anya ruzuku ya umeme aliyokuwa nayo.

Mimi ningekipandisha kikomo hicho cha uniti 75 hadi uniti 120, na sehemu ya fedha za kugawa mitungi ningeihamishia kwenye kujaza.

Wakati naaga, shangazi aliniuliza kama dukani wanaweza kumjazia gesi ya elfu tano. Nilimwambia Dar es Salaam kuna mita zinazomruhusu mtu kulipia gesi kidogo kidogo.

"Na huku zitafika lini?" Sikuwa na jibu. Akarudi uani kuchochea jiko.