Nunua karatasi kwanza, rangi zitangoja

Kila anayeniuliza namna ya kuanza kuchora kwa rangi za maji huanza na rangi: za kampuni gani, ziwe ngapi, bei gani. Mimi humtajia Turner, kisha naongea habari za karatasi mpaka anajuta kuniuliza.

J.M.W. Turner alizaliwa London mwaka 1775, mtoto wa kinyozi. Wengi humwita mchoraji wa mwanga. Sawa, ila katika rangi za maji mwanga hautoki kwenye kopo. Weupe ni karatasi yenyewe. Ukishaifunika kwa rangi umeizima, na kuiwasha tena ni shughuli. Turner alikuwa fundi wa hiyo shughuli. Alilowesha upya palipokwisha kukauka, akanyonya rangi kwa sponji, kitambaa, hata nyama ya mkate. Alikwangua kwa kisu, kwa mpini wa brashi, na kwa ukucha wa dole gumba aliouacha urefuke makusudi.

Kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1818, nyumbani kwa rafiki yake Walter Fawkes huko Farnley Hall, Yorkshire. Mwenyeji alitaka picha ya kumwonyesha ukubwa wa manowari. Mwanawe, Hawksworth, akakaa pembeni akitazama. Alivyosimulia baadaye, Turner alimwaga rangi ya majimaji mpaka karatasi ikalowa chepechepe, akaiparura na kuikwaruza kama aliyepandwa na wazimu, na kwa muda mrefu kilichoonekana ni vurugu tupu. Halafu kidogo kidogo meli ikaanza kujitokeza, na kamba zake zote. Kufika chakula cha mchana, kazi imekwisha. Picha hiyo sasa iko Bedford, Uingereza, na upana wake haufiki hata sentimita 41.

Niliposoma hayo nilijitosa. Nilikuwa na daftari la kuchorea la bei ya chini, nikamwaga maji, nikakwangua. Karatasi ikatoa vinyweleo kama blanketi kuukuu, mara ikatoboka. Nikailaumu brashi (brashi haina pa kujitetea).

Kumbe karatasi alizopenda Turner, za kiwanda cha Whatman miongoni mwake, zilitengenezwa kwa matambara yaliyopondwapondwa, kisha zikachovywa kwenye gelatini inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gelatini hiyo huizuia rangi isizame upesi, ndiyo maana inaweza kuinuliwa tena. Na uso wake mgumu unavumilia kisu. Karatasi yangu ilikunywa rangi kama mchanga wa pwani unavyokunywa maji; hapo huna cha kurudisha. Inasimuliwa pia kwamba Turner alibandika karatasi kwenye mbao zenye vishikio, akazizamisha majini, akadondoshea rangi zikiwa mbichi, na moja ikikauka anahamia nyingine. Jaribu kuzamisha daftari langu lile!

Upande wa rangi, hapo simwigi. Alitumia nyingine alizojua hazidumu, ikiwemo nyekundu ya karmini inayotokana na wadudu, ambayo hupauka ikipigwa na mwanga. William Winsor, mtengeneza rangi, alipomlaumu, yasemekana alijibiwa kwamba kazi yake ni kutengeneza rangi, ya Turner ni kuzitumia. Jibu la kiburi, na gharama yake tunailipa sisi watazamaji. Henry Vaughan, mkusanyaji wa picha aliyeliachia jumba la sanaa la Edinburgh, Scotland, picha 38 za Turner za rangi za maji, aliweka sharti zionyeshwe Januari peke yake, mwezi ambao mwanga wa huko ni hafifu. Zilipokewa mwaka 1900, na hadi leo anayetaka kuziona zote pamoja hupanga safari yake Januari, na koti zito.