Ukili Huu, Kili Hizi

Mwezi uliopita mtoto mmoja wa darasa langu la nne, hapa Tanga, alileta neno kutoka kwao Makorora: ukili, ule ukanda wa ukindu uliosukwa, unaoshonwa kuwa mkeka. Bibi yake husuka mikeka. Nikamwuliza, zikiwa nyingi tunasemaje? Akajibu, "Maukili." Na wiki hiyohiyo mtoto huyo alikuwa amepata alama zote katika zoezi la ngeli. U-ZI aliiweka mahali pake, na mfano akatoa: ukuta, kuta.

Hapo ndipo ninapogombana na namna tunavyofundisha Kiswahili. Tunaandika ubaoni maana ya nomino, maana ya kitenzi, jedwali la ngeli. Watoto wananakili, tunasahihisha madaftari, tunasonga mbele. Sarufi inabaki daftarini. Mdomoni wanaondoka na "hichi kitabu", "masaa mawili" na "nyimbo moja", na sisi walimu tunawasikia tukanyamaza kwa sababu kipindi cha sarufi kimekwisha.

Ninachokiamini ni dakika 10 kila asubuhi, kabla ya somo lenyewe. Mtoto mwenye zamu analeta neno la kwao. Linaandikwa, kisha wote wanalitia katika sentensi: umoja, wingi, kukanusha, halafu na kivumishi. Kwenye kivumishi ndiko kuliko na kazi. "Ukili huu ni mrefu" haikumshinda mtu. "Kili hizi ni..." Nikasikia warefu, nikasikia zirefu. "Ndefu" ilitoka kwa msichana wa dawati la nyuma ambaye siku nyingi hanyanyui mkono. Kesho yake tukairudia kwa ufito na fito, kesho kutwa kwa ulimi na ndimi, ubao na mbao. Ilipofika Ijumaa walikuwa wanasahihishana wenyewe uwanjani.

Neno la kwanza likavuta kitenzi chake. Bibi anasuka. Mkeka unasukwa. Anamsukia mjukuu. Ukindu mkavu hausukiki. Mnyambuliko wote huo umetoka barazani kwa bibi mmoja, na hakuna aliyelazimika kukariri jina la kauli yoyote. Majina ya kauli nitawapa, lakini baadaye, wakishakuwa na kitu cha kukiita jina.

Najua watoto ni wengi. Darasani kwangu wanazidi 70. Ndiyo maana wanasema kwa madawati, dawati zima sentensi yake, nami napita nikisikiliza.

Hoja inayoniumiza ni nyingine: kwamba mtoto wa Tanga hahitaji haya, Kiswahili amezaliwa nacho. Tunamtaja Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, kana kwamba lugha hurithiwa kama shamba la minazi. Kila tarehe 7 Julai tunaiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngonjera, na asubuhi ya tarehe 8 tunarudi kwenye kunakili. Shule hizi zetu za msingi ndipo mahali ambapo mtoto anajifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza masomo mengi yanageuka kuwa ya Kiingereza. Tusipomjengea msamiati sasa, sioni nani atakayemjengea.

Juzi zamu ilikuwa ya mtoto wa mvuvi. Alileta foromali, ile boriti inayoshika tanga la chombo. Kutoka hapo tukaingia kwenye tanga lenyewe: tanga hili, matanga haya. Mmoja akasimama akasema matanga ni ya msiba, kwao yamekwisha juzi. Mwingine akauliza, mbona ya msiba hatusemi tanga moja? Darasa likawa kelele tupu, kila mmoja ana lake, na dakika 10 zilikwisha zamani. Nikawaambia wakaulize nyumbani, na asubuhi yake mikono ilikuwa juu kabla sijaweka chaki mezani.