Chai ya Usingizi ya Mjomba

Ugali wangu unatoka kwenye chai. Mimi ni mwonjaji katika kiwanda kimoja huku Mufindi. Vikombe vinapangwa mezani, majani yanalowekwa kwenye maji ya moto dakika sita, nachota kwa kijiko, naifyonza kwa kelele ambazo nyumbani zingenipatia kofi, naizungusha mdomoni kisha naitema ndooni. Kwetu kazi hii haijanipa heshima yoyote. Mama husema mtu anayelipwa kwa kutema ana nyota yake. Mtaalamu wa chai wa ukoo ni mjomba, kaka yake mama, kwa sababu aliwahi kufanya kazi hotelini Dar es Salaam.

Basi mdogo wangu akaposwa na kijana wa Muheza, Tanga. Ujumbe wao ukaja mwezi wa saba, na anayeijua Mufindi ya mwezi wa saba sina haja ya kumweleza. Ukungu unaingia mpaka jikoni bila hodi. Asiyeijua alikuwa babu yake bwana harusi, aliyeshuka garini jioni na kanzu yake, koti jepesi la suti na makubazi miguuni, vidole vyote nje. Nyuma yake mshenga, halafu bibi na shangazi mtu, wamejifunika khanga juu ya khanga. Mazungumzo ya mahari yalikuwa kesho yake asubuhi.

Orodha ya mahari aliiandika mjomba kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili, akaikabidhi kwa mshenga. Mkakati wake ulikuwa mwepesi: wageni wale washibe, walale mapema, waamke na roho nyeupe, wakubali kila kitu kabla supu haijapoa. Kwa kazi hiyo alikuja na silaha kutoka Dar: pakiti ya majani ya chai ya kijani na maboksi mawili ya chai za vifuko.

Mama alikuwa ameshaandaa maziwa na tangawizi. Mjomba akamzuia.

"Dada, chai yako hiyo itawakesha wazee wa watu. Leo wanakunywa hii ya kijani. Hii haitokani na mchai wenu huu wa kiwandani. Ni mmea mwingine kabisa, wa Uchina. Hauna kafeini, ile inayofukuza usingizi, hata chembe, ndiyo maana haina weusi."

Hapo nje, nyuma ya dirisha la jikoni, palikuwa na shamba la chai la jirani. Ningeweza kutoka nikachuma vichipukizi na majani yake mawili mawili, nikarudi nikamfanyia mjomba chai nyeusi na ya kijani kutoka kwenye kapu hilohilo. Mmea ni mmoja, Camellia sinensis. Ukiyanyausha majani, ukayasaga na kuyaacha yapigwe hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, ndipo ukayakausha, hiyo ndiyo nyeusi. Ukiyawahi kwa mvuke au kikaango cha moto kabla hayajageuka, yanabaki kijani. Kafeini imo ndani ya jani tangu shambani, maana mti unaitengeneza kujikinga na wadudu, na yenyewe haina rangi ya kukuonyesha kama ipo au haipo.

Nikafungua mdomo. "Mjomba, lakini hata hiyo..."

"Mpwa wangu, wewe ni fundi wa kutema. Hapa tunazungumzia kunywa."

Mama akacheka. Mtu akishachekwa na mama yake mbele ya mjomba wake, hoja imekwisha.

Akafungua boksi la kwanza. Lilikuwa la rooibos, kutoka Afrika Kusini. Akachovya kifuko kimoja kwenye kikombe kwa majaribio, maji yakawa mekundu ya kutisha. "Mnaona rangi hiyo? Mzee akinywa hii tunamzika." Akalifungia boksi kabatini, ufunguo mfukoni. Sasa rooibos ni kichaka cha milima ya Cederberg, hakina hata undugu wa mbali na mchai, na katika shehena yote ya mjomba ndicho kitu pekee kisichokuwa na kafeini.

Boksi la pili alilinusa tu. Earl Grey. "Hii ni ya maua, ya akina mama. Humu chai hamna, ni harufu." Nikanyamaza. Ni chai nyeusi kama tunayoisaga kila siku, imetiwa tu mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa sana Calabria, kusini mwa Italia. Lakini mimi ni fundi wa kutema.

Chai ya kijani inataka maji yaliyopoa kidogo, nyuzi 80 hivi, na dakika mbili tatu zinatosha. Mjomba alitupa konzi ya majani kwenye sufuria, akaiweka juu ya jiko la mkaa, akaenda sebuleni kupiga soga na wageni. Alirudi tukiwa tumemaliza kupika wali. "Dawa lazima ichemke mpaka itoe nguvu," akasema. Nilipofunua, povu lilikuwa la njano, na rangi imekwisha kuwa ile ya maji yaliyochemshiwa mwarobaini. Nikachota kijiko, nikafyonza. Ulimi ukakauka, mashavu yakagusana kwa ndani. Kwa mara ya kwanza nikaikosa ndoo ya kiwandani.

Mjomba akaimimina kwenye chupa, akanikabidhi trei.

Babu alipiga funda moja akatulia. Nilimwona jicho la kushoto likifumba lenyewe, la kulia likibaki wazi kwa heshima. Akatia sukari, akaonja. Akatia tena. Akasogeza bakuli lote la sukari karibu yake, kwa adabu, huku akimsikiliza mjomba anavyoeleza habari za mishipa ya damu.

"Sie kwetu chai twaijua, bwana," babu akasema. "Chai ya mwanzo nchi hii Mjerumani aliipanda Amani, hapo juu yetu. Ila hii... hii kiboko."

Mjomba akaichukua kama sifa, akamjazia. Na kumbuka ile baridi. Babu na mshenga walikuwa wamevikumbatia vile vikombe kwa mikono miwili ili wapate joto, na kikombe kikipoa dawa yake ni kukimaliza upate kingine. Chupa ikaisha, ikaja ya pili. Upande wa pili wa chumba, bibi na shangazi mtu walikuwa wanakata Earl Grey iliyokolea na kusifu harufu yake.

Kile kikombe cha majaribio cha rooibos kilikuwa bado kimekaa jikoni. Nikakipasha moto, nikakinywa, nikalala fofofo.

Usiku wa manane nikasikia hodi ya kistaarabu mlangoni. Nikafungua. Babu kasimama na blanketi mabegani, mshenga pembeni anamulika kwa simu, wote wawili macho yamewatoka pima.

"Mjukuu wangu, samahani sana kwa usumbufu. Una kalamu?"

Nikawapa kalamu. Wakaomba na rula.

Sebuleni taa inawaka, kurasa mbili za mjomba zimetandazwa mezani, na mshenga anasoma kwa sauti ya chini mstari mmoja mmoja, kama hakimu. Nilipopita jikoni kunywa maji nikawakuta bibi na shangazi mtu wameketi kwenye vigoda. Mchele wote wa pilau umeshachambuliwa, vitunguu vimemenywa, na sasa wanasugua masufuria ya mama kwa majivu. Mama naye keshaamka, kasimama mlangoni kajishika kiuno, hajui ashukuru au aombe radhi. Chumba cha pili mjomba anakoroma. Yeye hakunywa. Alisema dawa ile ni ya wageni.

Asubuhi wazee wa pande zote wakaketi. Mjomba kavaa koti, kaoga, anang'aa. Akauliza kwa bashasha, "Mmelalaje, wazee wangu?"

"Alhamdulillahi, twashukuru," babu akajibu. Mtu wa pwani hawezi kukwambia hakulala nyumbani kwako. Akavaa miwani. "Orodha tumeipitia. Na tumeipitia vizuri. Hatuna neno, ila dogo tu. Ukurasa wa kwanza, namba nne: beberu wa mjomba. Sawa kabisa, mjomba ni mtu mkubwa. Ukurasa wa pili, namba kumi na moja: mbuzi wa shukrani kwa kaka wa mama wa binti." Akashusha miwani. "Sasa sie usiku tukawa twajiuliza na mshenga. Huyu mjomba na huyu kaka wa mama ni ndugu?"

Baba, ambaye ile orodha alikuwa hajaisoma, aligeuka kumtazama shemeji yake taratibu sana. Mama akajifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika. Mjomba akasema ni makosa ya uandishi. Mshenga akasema ndiyo, uandishi una mambo, maana namba kumi na tano palikuwa na blanketi la mlezi, na namba kumi na tisa palikuwa na blanketi la aliyemlea. Babu akaukata kila mstari wa ziada kwa rula, wino ulionyooka. Mahari ikafungwa kabla ya saa nne, pilau likaliwa, bibi akipakuliwa nyama kwanza.

Wakati wa kuagana babu akamvuta mjomba kando, karibu na gari.

"Yale majani yako ya jana, yamebaki?"

"Yapo, mzee wangu. Umeyapenda?"

"Nina mlinzi kwenye michungwa yangu kule Muheza. Kila usiku analala, chungwa zaibiwa."

Mjomba akaingia ndani akatoka na pakiti, akampa kwa mikono miwili, akashusha sauti kama daktari.

"Lakini mwonye asinywe akiwa zamu, mzee wangu. Atasinzia."

"Inshallah nitamwonya," babu akasema, akaitia pakiti kwenye mfuko wa ndani wa koti na kufunga vifungo vyote.