Sukari ikifika elfu nne: kosa la mfanyabiashara, la mvua au la bei elekezi?

Kila sukari inapoadimika Tanzania mjadala unagawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema wafanyabiashara wameficha mzigo, serikali ishushe rungu, itangaze bei na atakayezidisha akamatwe. Upande mwingine unasema mambo ya bei liachieni soko, mzigo ukipungua bei ipande, ukijaa itashuka yenyewe. Mimi nimelirudia lile sakata la mwanzoni mwa 2024 mara kadhaa na naona wote wana hoja, ila wote wanaruka kitu kimoja ambacho ndo chenye mambo yote: mzigo ulioko ghalani.

Kwa ambao wamesahau. Mvua za El Niño zilipiga kuanzia mwishoni mwa 2023 na mashamba ya miwa yakajaa maji. Sasa shamba la miwa likijaa maji trekta haliingii, lori haliingii, na hata huo muwa ukifanikiwa kuutoa umekunywa maji mpaka utamu umeshuka, yaani kiwanda kinasaga tani zilezile kinapata sukari kidogo. Bei iliyokuwa inacheza kwenye elfu mbili mia nane hadi elfu tatu ikapaa hadi elfu nne, kuna sehemu hadi elfu tano. Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, yaani bei ambayo muuzaji hatakiwi kuizidisha, rejareja iwe kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea na mkoa. Tangazo likatoka, sukari ya bei hiyo watu wakaitafuta wee.

Hapo ndo watu wakasema "mmeona, wameficha". Huenda wapo walioficha, sibishi. Lakini hebu tupige hesabu kwanza kabla ya kumkamata mtu. Wachumi wana kitu wanaita unyumbufu, maana yake bei ikipanda watu wanapunguza kununua kwa kiasi gani. Sukari haina unyumbufu mkubwa, chai ya asubuhi ni chai ya asubuhi, uji wa mtoto ni uji wa mtoto, na hakuna kitu kingine cha karibu cha kuweka badala yake, maana asali ni ghali kuliko sukari yenyewe. Tuseme tu kwa mfano kwamba bei ikipanda asilimia 10 watu wanapunguza matumizi kwa asilimia 3. Sasa mzigo uliopo sokoni ukipungua asilimia 10, bei inatakiwa ipande kiasi gani ndo watu wapunguze asilimia 10? Inatakiwa ipande kama asilimia 33. Chukua elfu tatu, weka asilimia 33 juu yake. Unapata elfu nne. Hapo hatujataja mlanguzi hata mmoja, hatujataja stoo iliyofungwa kufuli, ni upungufu mdogo tu umekutana na kitu ambacho watu hawako tayari kukiacha. Namba za mfano ni zangu, lakini mwendo wenyewe ndo huo.

Ukitaka kuuona kwa macho nenda duka la mtaani la Mangi, lile ambalo watu hawanunui kilo. Wananunua ya kupima, ya mia mbili, ya jero (mia tano), kwenye kifuko kilichofungwa fundo. Sukari ikipanda kile kifuko cha jero hakiwi cha mia saba, kinabaki cha jero ila kinakonda, maana Mangi anajua mteja wake ameingia na jero mkononi na hana nyingine. Na mama ntilie hivyohivyo, kikombe cha chai hakipandi bei haraka maana wateja wake watahamia kwa jirani, kwahiyo anapunguza kijiko. Utaona hapo vitu viwili tofauti: sukari yenyewe watu hawaachi, lakini kikombe cha chai cha mama fulani wanaacha kirahisi tu kwa sababu kuna mama mwingine hatua kumi mbele. Kwahiyo mama ntilie ndo anabanwa katikati, ananunua kwa bei isiyoepukika anauza kwa bei isiyopandika.

Sasa bei elekezi inaingiaje hapo. Mwenye duka amenunua mfuko wa kilo 50 kwa jumla, tuseme umemtoka kwa bei inayofanya kilo iwe 3,700, na risiti hajapewa au amepewa imeandikwa namba nyingine. Unamwambia auze 3,000. Ana mambo matatu ya kufanya. Auze kwa hasara, hatafanya. Auze 4,000 wazi, anaogopa maafisa biashara. Aseme "imeisha" halafu awauzie anaowajua, na hili ndo linalofanyika. Matokeo yake sukari haijashuka bei, imepata tu masharti mapya, ukiwa unajulikana unapata na ukiwa mgeni mtaani au umemtuma mtoto unarudi mikono mitupu. Na mara nyingi anayekamatwa ni yuleyule mwenye duka ambaye faida yake kwa kilo haifiki hata mia mbili, wakati mzigo umeshapandishwa huko juu kabla haujamfikia.

Ukiishia hapo utasema basi, bei elekezi ni upuuzi, tuachie soko. Na mimi nilikuwa karibu kuunga mkono hapo ila kuna hoja ya upande wa pili ambayo watu wa soko huria huwa hawaigusi: sukari yetu haipo kwenye soko huria. Wazalishaji ni wachache unawahesabu kwa vidole, Kilombero, TPC kule Moshi, Kagera, Mtibwa, Bagamoyo, Manyara, na mpaka umefungwa kwa ushuru. Kwa kanuni za forodha za Afrika Mashariki sukari ya nje inapigwa ushuru wa asilimia 100 au dola 460 kwa tani, inayotozwa ni ile iliyo kubwa zaidi, labda ipewe kibali maalum. Sasa huwezi kumfungia mlaji mlango asinunue ya Brazil, halafu bei ikipaa umwambie avumilie nguvu ya soko. Soko gani? Lenye wauzaji wachache na mlango umefungwa kwa sheria, upungufu ukitokea ile asilimia 33 ya juu inaenda mfukoni kwa aliyekuwa na mzigo siku hiyo, bila kuwa amelima hata muwa mmoja wa ziada. Katika hali hiyo serikali kusema "bei isizidi hapa" sio ukomunisti, ni kulipa deni la ule ulinzi ambao viwanda vimepewa.

Lakini viwanda navyo vina la kusema na sio dogo. Muwa sio mchicha. Ukipanda leo unasubiri mwaka au mwaka na nusu ndo uvune, na kupanua kiwanda ni miaka. Kwahiyo kwa muda mfupi bei iwe elfu nne au elfu kumi, sukari ya ndani haiongezeki, ila kwa muda mrefu inaongezeka kama mwekezaji anaamini bei haitaporomoka, na ndo maana tumeona Bagamoyo imeanza na Kilombero wamejenga kile kiwanda kipya wanachokiita K4. Ukifungulia sukari ya nje kiholela, ikaingia wakati viwanda vimeanza kusaga, mzigo wa ndani unalala kwenye maghala na mkulima mdogo wa miwa kule Kilombero ndo anayecheleweshewa malipo. Hili tumeshaliona kwenye alizeti. Mafuta ya kula yalipopaa 2021 na 2022 ushuru wa mafuta ya nje ukalegezwa ili mlaji apumue, mlaji akapumua kweli, ila msimu uliofuata wakulima wa Singida na Dodoma bei ya alizeti ikawaangukia, ikabidi ushuru urudishwe juu. Na mkulima wa alizeti, tofauti na wa miwa, akichukia anaweza kuhama mwaka huohuo akapanda kitu kingine. Kwahiyo unamsaidia mlaji mwaka huu, mwaka unaofuata unakuta mbegu hamna.

Na wale wanaosema acha soko lijiendeshe wakaangalie nyanya. Nyanya hakuna bei elekezi, hakuna bodi, hakuna kibali, ni soko lenyewe. Masika mvua inaharibu, ukungu unakula mashamba, kwenye masoko ya Ilala na Mabibo pale Dar tenga linapaa na fungu la mtaani linabaki na nyanya tatu. Kwakuwa bei ilikuwa nzuri kila mtu anapanda, Ilula wanapanda, Dumila wanapanda, na kiangazi zinaiva zote pamoja. Nyanya haisubiri. Ikishaiva mkulima hana uchaguzi wa kusema nashikilia mpaka bei irudi, siku chache tu imeoza, kwahiyo anauza kwa bei yoyote na ikifika mahali gharama ya kuchuma, kununua tenga na kulipa gari inazidi bei ya sokoni anaziacha shambani. Soko limefanya kazi yake vizuri kabisa hapo, bei imeshuka, mlaji wa Dar amefurahi wiki kadhaa, na mkulima amebaki na mkopo wa mbolea. Mimi siwezi kuita huo ndo mfano wa kuigwa kwenye chakula.

Kwahiyo tofauti ya sukari na nyanya sio kwamba moja ina serikali na nyingine haina. Tofauti ni kwamba sukari inakaa. Unaweza kuiweka ghalani miezi mingi tu ikawa salama, na hapo ndo napofika kwenye ninachotaka kusema: bei elekezi isiyokuwa na mzigo nyuma yake ni karatasi. Yenye mzigo nyuma yake inafanya kazi, na tena ikiwa na mzigo wa kutosha hata huhitaji kukamata mtu, maana aliyeficha akisikia kuna tani zinatoka kesho anatoa zake leo usiku.

Majirani zetu Kenya walituonyesha somo hili kwa unga. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza pakiti ya kilo mbili ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100, tofauti serikali itawalipa wenye vinu. Hela ya ruzuku iliwekwa, ila mahindi yenyewe yalibaki machache, kwahiyo unga wa mia moja ukawa wa kutafuta, maduka mengine yanampa mteja pakiti chache tu na mengine hamna kabisa. Ruto alipoingia Septemba mwaka huohuo akaiondoa ruzuku ya unga akapeleka hela kwenye mbolea, mfuko ukashuka kutoka 6,500 hadi 3,500. Wakosoaji walimsema sana, na kwa mtu mwenye njaa wiki hiyo walikuwa sahihi, mbolea hailiwi. Lakini yeye alikuwa anagusa upande wa mzigo, mwenzake alikuwa anagusa upande wa bei tu.

Turudi kwetu. Kinachonikera mimi sio El Niño, mvua huwezi kuigombeza. Kinachonikera ni kwamba hii sio ajali ya mara moja. 2016 ilitokea, baada ya Februari Rais Magufuli kuzuia uagizaji holela wa sukari, ikatangazwa bei ya 1,800 na kufika Mei sukari ikawa inatafutwa kwa tochi, maghala yakakaguliwa. 2020 tena, tena ikatangazwa bei elekezi. 2024 tena. Na angalia majira, ni kuelekea au wakati wa masika ambapo viwanda kwa kawaida vinasimama kusaga na kufanya matengenezo, na miaka yote hiyo mitatu Ramadhani nayo imeanza kati ya Machi na Juni, mahitaji yanapanda kwa ajili ya futari wakati huohuo mitambo imezimwa. Kalenda ya Ramadhani inajulikana miaka kumi mbele. Ratiba ya viwanda kufunga inajulikana. Alafu kila mara tunashangaa.

Jibu lililowekwa 2024 ni sheria kubadilishwa ili NFRA, wale wa hifadhi ya chakula ambao tumezoea kuwasikia kwenye mahindi, wawe na mamlaka ya kuagiza na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo, badala ya kutegemea vibali ambavyo viwanda vyenyewe ndo vilikuwa wanufaika wakubwa. Viwanda vikapinga. Na ukiangalia ule mtego wa zamani utaelewa kwanini ulikuwa wa ajabu: unamwomba yuleyule anayefaidika na bei ikiwa juu aagize mzigo wa kuishusha, na akichelewa wiki mbili tatu hana anachopoteza. Kwa hilo naunga mkono mabadiliko. Wasiwasi wangu uko kwingine, serikali nayo sio mfanyabiashara mzuri kiasi hicho, meli ikichelewa kwa taratibu za manunuzi ikaja kutia nanga Julai wakati Kilombero wameshaanza kusaga, tutakuwa tumeumiza mlaji Machi na mkulima wa miwa Agosti, kwa sukari ileile. Kwahiyo kabla ya kuuliza bei elekezi ya mwaka ni shilingi ngapi mimi ningeuliza Januari mapema: kuna tani ngapi ghalani, ziko mikoa gani, na zitaanza kutoka tarehe ngapi. Hayo matatu yakitangazwa wazi, mwenye stoo Kariakoo atajipangia bei yake mwenyewe bila kutembelewa na afisa yeyote.