Ufini walianza kulisha watoto shuleni wakiwa maskini, sisi Mwanza tunasubiri nini?

Niko Tampere huku Ufini mwaka wa sita sasa, nafanya kazi jikoni shule ya msingi, kila siku saa tano asubuhi watoto wanapanga foleni na trei zao, viazi, samaki, saladi, maziwa, mtoto wa bosi na mtoto wa mfagiaji wanakula kitu kilekile na hamna anayelipa. Nikisimulia nyumbani naambiwa "hao si matajiri bwana". Hapo ndo panaponiuma, maana sheria yao ya chakula cha shule ni ya 1943, vita imepamba moto, na 1948 ikawa ni lazima kila shule ilishe watoto. Wanafunzi wenyewe walikuwa wanatumwa kuchuma matunda ya porini wapeleke jikoni. Utajiri umekuja baadaye.

Mimi nimesomea Ilemela. Mchana waliotoa mchango wanakula, sisi wengine tunaenda bombani kunywa maji, ikifika saa nane mwalimu anafundisha hesabu vichwa viko juu ya dawati. Sasa mshahara wa mwalimu umelipwa, darasa limejengwa, chaki imenunuliwa, afu vyote vinaliwa na njaa kwa kukosa kikombe cha makande!! Hiyo ni hasara ya hela, hata huruma sijaitaja.

Na inaanza kabla ya shule. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Zile siku 1,000 toka mimba mpaka miaka miwili zikishapita huzirudishi, na huyo ndo fundi wetu na mlipa kodi wetu wa kesho. Benki ya Dunia 2024 walipiga hesabu, dola 1 ya lishe inarudisha kama 23. Waambie wafanyabiashara wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuna mzigo unalipa hivo, uone kama kuna atakayelala.

Tena dagaa tunao mlangoni, magunia yanaenda kuwa chakula cha kuku, wengine wanaozea mchangani mvua ikinyesha sababu chanja za kuanikia hazitoshi, wakati kijiko cha unga wa dagaa kwenye uji wa mtoto ni protini, madini ya chuma na kalsiamu.

Halmashauri zinatakiwa zitenge sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa mwaka, hela ya soda. Ndugu zangu mlioko huko, mkutano wa mtaa ukiitishwa muulizeni diwani, ya mwaka huu imetoka yote? Imenunua nini?